Gitaa la Besi la Zamani Lisipakwe Rangi

Tuseme mzee wa Singida mjini, aliyewahi kupiga dansi, ana gitaa la besi chini ya kitanda na anataka kujua bei yake. La kwanza kumwomba ni asilipake rangi wala kulipeleka kwa fundi alipendezeshe.

Huenda ni la Fender. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alitoa besi ya Precision Bass mwaka 1951 huko California, Jazz Bass ikafuata 1960. Magitaa yanayogombewa zaidi ni yaliyotengenezwa kabla shirika la CBS halijanunua kampuni ya Fender mwaka 1965. Ila jina la kichwani halithibitishi kitu, maana kibandiko huigwa kirahisi. Legeza nyuzi, fungua skrubu nne zinazoshika shingo: kwenye kisigino chake mara nyingi kiwanda kiliacha tarehe, kwa penseli au mhuri. Kisha fungua bamba la vitufe vya sauti, usome tarakimu zilizogongwa kwenye mabati yake. Ukikuta 1376412, basi 137 ni mtengenezaji, CTS. 64 ni mwaka. 12 ni wiki ya mwaka huo. Gitaa hilo halikukamilika kabla ya Machi 1964, isipokuwa kama kitufe kimebadilishwa. Ndiyo maana mnunuzi huchungulia kama risasi ya kuchomelea imewahi kuguswa.

Rangi ikirudiwa, hata kwa ustadi, wafanyabiashara hukata karibu nusu ya bei. Hapo roho huniuma. Kwetu Tanzania vyombo vingi vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alipohama bendi, gitaa lilibaki na kupokewa na mwingine. Fedha za kigeni za kuagiza vipuri zilipoadimika, fundi wa redio alilitia kifaa alichokuwa nacho ili usiku ule watu wacheze. Soko la ng'ambo huuita ukarabati huo uharibifu. Mimi nauona ni maisha ya chombo. Namba ya mali ya taasisi iliyochorwa mgongoni mwa gitaa isikwanguliwe, na mzee atafute karatasi ya kuuziwa au kukabidhiwa, kwa sababu mnunuzi makini ataiulizia.

Halafu kuna ukavu wa Singida. Kati ya Juni na Oktoba, upepo ukivuma, mbao za shingo husinyaa na ncha za vyuma vilivyopandikizwa humo huchomoza. Pitisha kidole ukingoni, zitakukwaruza. Wenye haraka huzipiga tupa. Gitaa liwekwe kwanza kwenye sanduku, mbali na joto la bati, mpaka mvua za Desemba zirudishe unyevu, ndipo fundi aguse zile zitakazobaki nje.