Kigae cha kupoza kompyuta: Piga hesabu kabla ya kununua

KATIKA maduka mengi ya steshenari na vyumba vya intaneti, tatizo huanza saa nane mchana. Jua limewaka juu ya bati, wateja wamepanga foleni wakisubiri kuchapa barua na kujaza fomu, mara kompyuta inakwenda polepole kisha inazimika yenyewe. Mteja aliye na haraka hasubiri, anavuka barabara kwenda duka la jirani.

Chanzo mara nyingi ni joto la prosesa, kile kifaa kidogo kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani hutoa joto la wati 65 hivi inapofanya kazi kwa nguvu zote. Joto hilo likikosa pa kutokea, prosesa hujilinda kwa kupunguza kasi, na likikaribia nyuzi 100 mashine huzima ili isiungue.

Hapo ndipo baadhi ya wafanyabiashara hushawishika kununua kigae cha Peltier. Ni kifaa chembamba chenye upana wa sentimeta 4 kwa 4 na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kikipewa umeme wa volti 12, upande mmoja huwa baridi na upande wa pili huwa moto. Anayekigusa kwa mara ya kwanza hudhani amepata friji isiyo na gesi wala mota, tena kwa bei ndogo.

Jambo lenyewe si jipya. Liligunduliwa mwaka 1834 na Mfaransa Jean Peltier. Ndani ya kigae, kati ya bamba mbili za kauri, mna jozi nyingi za vipande vidogo, kwa kawaida 127, vilivyotengenezwa kwa mchanganyiko wa bismathi na teluri. Umeme unapopita humo hubeba joto kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba joto hilo limekwisha. Halikuisha, limehamishwa tu, na kigae chenyewe kimeongeza joto lake juu.

Hesabu inasemaje?

Kigae cha kawaida hutumia ampea 5 hivi kwa volti 12, sawa na wati 60. Prosesa ikitoa wati 65, upande wa moto unapokea jumla ya wati 125. Joto lote hilo linapaswa kuondolewa na mapezi ya alumini na feni iliyokuwa ikishindwa na wati 65 peke yake. Mapezi yakizidiwa, upande wa moto hupanda, na ule wa baridi nao hupanda pamoja nao.

Pili, kigae cha aina hiyo huweza kuhamisha wati 50 hivi tu, tena pande zote mbili zikiwa na joto sawa. Kadiri tofauti ya joto kati ya pande hizo inavyoongezeka, ndivyo mzigo kinaoweza kubeba unavyopungua. Tofauti ikifika nyuzi 65 hivi, hakibebi kitu. Kwa hiyo, badala ya kuisaidia prosesa, kigae kimoja huwa ukuta kati yake na mapezi. Kikiungua, au fundi akigeuza nyaya, hali huwa mbaya zaidi kwa kuwa nyaya zikigeuzwa upande wa baridi ndio unaokuwa wa moto.

Tatu ni bili. Wati 60 kwa saa 10 kila siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 15.6 kwa kompyuta moja. Mwenye kompyuta 5 atalipia uniti 78 za ziada, na hapo umeme wa feni haujahesabiwa.

Wanaokaa pwani wana tatizo la nne. Katika msimu wa joto, hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, kiasi kwamba kitu chenye nyuzi 22 huanza kutoa jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ikiwa kompyuta haina kazi nzito na kigae kinaendelea kupoza, matone hayo huangukia bodi kuu. Hapo hasara si ya mteja mmoja tena, ni ya mashine nzima.

Makampuni makubwa yalijaribu njia hii. Cooler Master ilitoa kipoza cha V10 mwaka 2009, kikichanganya kigae, mapezi na feni, na uzito wake ulizidi kilo moja. Phononic ilitoa HEX 2.0 mwaka 2016, ikiwa na vifaa vya kudhibiti baridi ili umande usitokee. Intel nayo ilijaribu mwaka 2020 kwa kutumia maji upande wa moto, ikaachana na mpango huo mwaka 2023. Hakuna hata kimoja kilichoziondoa feni za kawaida sokoni.

Mfugaji naye ajihadhari

Hesabu hiyohiyo inawahusu wanaouziwa visanduku vidogo vya baridi vinavyotumia umeme wa gari, ambavyo vingi vina kigae hiki ndani. Kwa kawaida hushusha joto nyuzi 15 hadi 20 chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 32, ndani patakuwa na 12 au zaidi. Soda itanyweka, lakini chanjo nyingi za kuku hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Kwa maziwa ni vigumu zaidi. Kupoza lita 20 kutoka nyuzi 35 hadi 4 kwa kigae kinachohamisha wati 30 kungechukua karibu saa 23, hata kama hakuna joto linalopenya kutoka nje. Maziwa yatakuwa yameganda zamani.

Kwa mwenye duka, dawa ya bei nafuu ipo karibu. Prosesa haihitaji baridi ya friji, kwani nyuzi 60 au 70 wakati wa kazi ni hali ya kawaida. Kompyuta izimwe na kuchomolewa, kisha vumbi liondolewe kwenye feni na mapezi kwa brashi laini. Pesti iliyo kati ya prosesa na mapezi ikiwa imekauka, fundi aifute na kupaka nyingine. Feni inayopiga kelele au kuzunguka kwa kusuasua ibadilishwe. Mashine isogezwe mbali na ukuta, isifungiwe ndani ya kabati.

Baada ya hapo, ikiendelea kuzimika, fundi apime joto lake kabla ya senti nyingine kutumika. Huenda tatizo si joto kabisa, bali ni pawasaplai iliyochoka.