Mita 259 juu ya maji yanayopanda na kushuka

Ziwa Mweru lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,120. Uwanja wa slalomu, ambamo mchezaji wa skii huvutwa na boti huku akiyazunguka maboya sita, kulia na kushoto kwa zamu, haufiki hata hekta moja: urefu wa mita 259 na upana wa mita 23. Mwenye boti akipiga hesabu hiyo anaweza kudhani kwamba kuanzia Nchelenge hadi Mununga, kwenye ukingo wa mashariki, popote atakapodondosha nanga patamfaa. Sivyo. Wastani wa kina cha Mweru ni mita 7.5 tu, na upande wa kusini, mto Luapula unakoingilia, ni kifupi zaidi. Tena kina hicho hakitulii. Maji huwa chini kabisa karibu na Januari, yakapanda hadi kilele chake karibu na Mei, na tofauti hufika mita 1.7.

Sijapata kusikia uwanja rasmi wa slalomu mbele ya Mununga. Ila ziwa lenye tabia hii ni darasa zuri la kazi yenyewe, kwa sababu kutega maboya ni kazi ya mpima ardhi kabla haijawa kazi ya mwanamichezo.

Vipimo havina utani. Katikati kuna njia ya boti, iliyowekewa malango ya maboya mawili mawili, nafasi kati yake ikiwa kama mita 2.3. Kutoka lango la kuingilia hadi usawa wa boya la kwanza la mchezaji ni mita 27. Kutoka hapo kila boya liko mita 41 mbele ya lililotangulia. Baada ya la sita, mita 27 tena hadi lango la kutokea. Kila boya la mchezaji limekaa mita 11.5 pembeni mwa mstari wa katikati. Wanaume wa daraja la juu hupita humo boti ikienda kilomita 58 kwa saa, maana yake sekunde 16 na nukta chache kutoka lango hadi lango. Kamba huanzia mita 18.25, na kila mchezaji anapofaulu hufupishwa. Ikifika mita 11.25 inakuwa fupi kuliko umbali wa boya lenyewe kutoka katikati ya njia, na kinachobaki hujazwa na mkono ulionyooka na mwili uliolala juu ya maji. Kwa mtu wa namna hiyo, boya lililohama nusu mita limemwibia au limempendelea.

Ndiyo maana kupima juu ya maji moja kwa moja ni kujidanganya. Tepu hupinda kwa upepo, boti husogea, na simu yenye GPS inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Pima nchi kavu. Tandaza kebo ya chuma kwenye barabara iliyonyooka, ivute ikaze, uifunge alama kila inapohitajika, kisha uikunje na kuipeleka ziwani. Kule majini pembe mraba huipati kwa macho. Ipate kwa vipimo viwili. Boya la mchezaji liwe mita 11.5 kutoka katikati ya lango lake na mita 42.58 kutoka katikati ya lango jirani la njia ya boti. Hivyo viwili vikikubaliana, boya liko mahali pake. Kwa boya la kwanza, ukipimia kutoka lango la kuingilia, umbali ni mita 29.35. Aliyesoma Pythagoras shuleni akadhani hatamwona tena, huyu hapa.

Sasa turudi kwenye zile mita 1.7. Tuseme umechagua mahali penye mita 3 za maji mwezi Januari. Mei patakuwa na mita 4.7. Ukifunga boya kwa kamba inayotosha Januari, Mei litazama. Ukilifunga kwa kamba ya Mei, Januari litakuwa na ulegevu wa kuweza kupeperushwa zaidi ya mita 3.5 kutoka juu ya nanga yake. Lango la boti lenye upana wa mita 2.3 litajifunga lenyewe kwa upepo wa asubuhi moja.

Dawa yake ni kugawa kamba sehemu mbili. Chini, nanga nzito. Rimu kuukuu ya gari iliyojazwa zege inafaa. Kutoka hapo kamba hupanda hadi kwenye boya la chini, lenye nguvu ya kuelea, linalokaa kama mita moja chini ya uso wa maji ya Januari, mahali ambapo rafadha haifiki. Boya hilo huivuta kamba ikawa wima mwaka mzima. Juu yake ndipo unapofunga kipande kifupi cha kamba au mpira unaovutika, na mwishoni boya linaloonekana. Maji yakipanda, unaongeza kipande cha juu tu. Kigingi chenye alama za sentimita kikisimikwa gatini kitakwambia lini.

Maboya ya juu yawe laini, yenye hewa: mekundu au ya rangi ya machungwa kwa mchezaji, ya njano kwa njia ya boti. Najua kishawishi cha kutumia madumu ya plastiki. Mchezaji anapokata nyuma ya boti huenda kasi kuliko boti yenyewe, na dumu gumu likimgonga mguu ni ajali. Isitoshe, mvuvi anayeona dumu linaelea ataelewa kwamba pana nyavu za mtu.

Na mawimbi? Hapa kina kifupi kina mambo yake. Katika maji ya kina kidogo wimbi haliwezi kukimbia zaidi ya kasi fulani inayotegemea kina. Kwenye mita 3 ni karibu kilomita 20 kwa saa, kwenye mita 2 ni 16 hivi. Boti inapokaribia kasi hiyo husukuma kilima kikubwa cha maji mbele yake. Ikishaivuka hukiacha kilima hicho nyuma na kazi huwa nyepesi. Kwa hiyo fujo hutokea mwanzoni na mwishoni mwa safari, si katikati ya uwanja, na boti ipewe mita 150 hadi 200 kila upande wa kushika kasi na kupunguza. Ufuko wenye mteremko mpole na matete humeza mawimbi. Ukingo uliosimama huyarudisha.

Ukingo wa mashariki una bahati ya upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki hutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo karibu na ufuko haujapata nafasi ya kuinua mawimbi. Mchana jua likiwasha nchi, upepo wa ziwani nao huingia. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya mchezo. Uwanja ukilazwa sambamba na ufuko, takriban kaskazini kwa kusini, jua la asubuhi halimchomi dereva machoni.

Gumu zaidi ni kalenda ya wavuvi. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi husimamishwa, nyavu zikaondoka majini. Mtu wa boti ataona huo ndio msimu wake. Lakini uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na samaki aitwaye pale, yule perege wa Mweru, huchimba viota vyake kwenye maji mafupi ya pembeni. Rafadha inayopita kwenye mita moja na nusu huchota mchanga na tope na kuvifukia, tena wakati maji yako chini kabisa. Kwangu mimi mita 3 za Januari si anasa, ni kiwango cha chini kabisa, hata kama ni lazima kwenda mbali zaidi na ufuko. Mbele ya mdomo wa mto Kalungwishi nisingetega kabisa, kwa kuwa mto huo hushusha mchanga na kina cha mwaka huu si lazima kiwe cha mwaka ujao.

Machi ikiingia, nyavu zinarudi. Kebo ndefu iliyolala chini itanaswa na kokoro siku ya kwanza, na atakayepoteza zaidi ni mwenye kokoro. Nanga moja moja, kila moja na kamba yake, ni kazi zaidi kuzipanga lakini huchukua nafasi ndogo, na kipande cha ziwa chenye urefu wa kama mita 650, pamoja na nafasi za boti, kinaweza kujadiliwa na wazee wa uvuvi kabla ya zege la kwanza kukauka. Wao ndio watakaokuonyesha mamba hupenda kuota jua wapi. Suala la kichocho lipelekwe zahanati: anayeanguka majini kila asubuhi apimwe, na mazoezi ya kuanzia yafanywe mbali na maji yaliyotulia kwenye matete, ambako konokono wanaoeneza ugonjwa huo hukaa.