Pikipiki Kongwe katika Milima ya Rungwe

Barabara itokayo Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, kwenda Tukuyu hupanda kutoka kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 1,500 na zaidi. Pikipiki kongwe ya safari, yaani ile ipatayo petroli kwa njia ya kabureta, huweza kwenda vizuri bondeni, kisha ikatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu ifikapo mlimani. Mara nyingi mwenyewe hudhani kwamba injini imekufa. Kabla ya kuifungua, yafaa zichunguzwe hewa, petroli na cheche.

Hewa

Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, huhitajiwa gramu 14.7 hivi za hewa. Kabureta hupima petroli kwa tundu dogo liitwalo jeti, ambalo ukubwa wake haubadiliki. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi. Pistoni huvuta ujazo uleule, lakini ndani yake hewa ni chache zaidi. Petroli nayo hupungua, ila si kwa kiasi hichohicho. Hivyo mchanganyiko huwa na petroli ya ziada, na plagi hufunikwa masizi meusi makavu.

Chujio la hewa lililoziba kwa vumbi huleta dalili hizohizo. Kwa hiyo lisafishwe kwanza. Anayeweka jeti ndogo kwa ajili ya Tukuyu, kisha akateremka Kyela bila kurudisha ile ya awali, hujitafutia hasara. Huko chini hewa ni nzito na petroli haitoshi. Injini hupata joto mno, ncha ya plagi huwa nyeupe, na pistoni yaweza hata kutoboka.

Petroli na cheche

Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku wake ni wa baridi. Ndani ya tangi lililo nusu tupu, mvuke wa maji huganda kuwa matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini, hata katika kikombe cha kabureta. Skurubu iliyo chini ya kikombe hicho ikifunguliwa, maji hutoka kwanza.

Unyevu huathiri pia waya wa plagi. Umeme wenye nguvu kubwa hupenya katika nyufa za mpira uliozeeka na kuruka hadi kwenye chuma cha injini, badala ya kufika kwenye plagi. Gizani, vicheche hivyo huonekana kwa macho. Waya usishikwe kwa mkono injini ikiwaka, wala cheche zisijaribiwe penye petroli iliyomwagika.

Breki

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni mteremko. Pikipiki, mwendeshaji na mzigo vyenye jumla ya kilo 300 vikishuka mita 1,000, hutoa nishati ya karibu jouli milioni 3. Nishati hiyo ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 8 za maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa barabara. Iliyobaki ni lazima izuiwe. Breki zikiachiwa kazi yote, hupata joto hadi zikakosa nguvu.

Wako wanaozima injini na kushuka bila gia ili kuokoa petroli. Akiba hiyo ni ndogo, na maisha huwekwa rehani. Ishukwe kwa gia nzito, injini ikiwaka na petroli ikiwa imefungwa mkononi, ili injini yenyewe izuie mwendo. Breki zibanwe kwa vipindi, na baada ya kupita majini zijaribiwe kabla ya mteremko kuanza.

Walimu wa fizikia waweza kuwapa wanafunzi hesabu hiyo ya nishati, wakitumia uzito wa pikipiki ya jirani na kimo cha mlima ulio karibu na shule yao.