Kuchagua Simu na Vifaa Vinavyooana na Huduma ya Simu za Biashara za Winguni

Zamani ofisi iliyohitaji simu kadhaa za mezani ililazimika kununua mtambo wa kugawa simu, kuufunga ukutani na kumwita fundi kila ulipoharibika. Leo wafanyabiashara, zahanati, shule na kampuni za usafirishaji wanaweza kukodi huduma hiyo kwa njia ya intaneti. Mtambo unaopokea simu, kuzigawa na kuzihamisha haupo tena ofisini, bali upo kwenye seva za mtoa huduma. Ndiyo sababu huduma hii huitwa ya winguni. Mteja hulipa ada ya mwezi, na wafanyakazi wake hupiga na kupokea simu kwa namba ya biashara wakiwa mahali popote penye intaneti.

Urahisi huu una sharti lake. Si kila simu inayouzwa dukani itafanya kazi na kila huduma. Mteja anayenunua vifaa kwanza na kutafuta huduma baadaye anaweza kujikuta na simu kumi mpya mezani zisizoweza kupiga hata simu moja. Kwa hiyo ushauri wetu wa msingi ni huu: chagua huduma kwanza, uliza inakubali vifaa gani, ndipo ununue.

Kuoana kwa kifaa na huduma ni nini?

Simu inayotumia intaneti na seva ya mtoa huduma ni lazima zifuate kanuni zilezile za mawasiliano. Kanuni inayotumika zaidi duniani huitwa SIP, na toleo lake linalotumika hadi sasa lilichapishwa mwaka 2002. Simu inayofuata SIP inaweza, kwa asili yake, kusajiliwa kwa watoa huduma wengi tofauti. Hata hivyo, neno SIP likiandikwa kwenye boksi halitoshi kuwa dhamana. Watoa huduma wengi huwa na orodha ya aina za simu walizozijaribu na kuzikubali. Simu iliyo nje ya orodha hiyo huenda ikapiga na kupokea, lakini isiweze kuhamisha simu, kuunganisha watu watatu au kuonyesha jina la anayepiga. Ikileta hitilafu, mtoa huduma anaweza kukataa kuishughulikia.

Omba orodha hiyo kwa maandishi, na ulinganishe namba kamili ya modeli, si jina la kampuni peke yake. Modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana kwa herufi moja tu, kumbe moja inakubalika na nyingine haikubaliki.

Vifaa vilivyopo na kazi ya kila kimoja

*Simu ya mezani ya intaneti.* Hii huchomekwa kwenye waya wa mtandao na humfaa mtu anayekaa mahali pamoja, kama vile mhudumu wa mapokezi. Simu nyingi za aina hii hupata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao, iwapo swichi ya mtandao ina uwezo wa kuutoa. Ikiwa swichi yako haina uwezo huo, uliza kama adapta ya umeme imo ndani ya boksi, kwa kuwa mara nyingi huuzwa peke yake.

*Programu kwenye simu ya mkononi au kompyuta.* Hii ndiyo njia ya gharama ndogo kwa biashara inayoanza. Angalia toleo la mfumo wa simu ambalo programu inalihitaji, kwa sababu simu janja ya zamani inaweza kuikataa. Angalia pia mipangilio ya kuokoa betri, kwani baadhi ya simu huzima programu isiyotumika, na mteja akipiga simu yako haitaita. Kwa anayetumia kompyuta, hedifoni zenye maikrofoni zinazochomekwa kwenye tundu la USB aghalabu hutoa sauti safi kuliko maikrofoni ya kompyuta.

*Simu za mezani za kizamani.* Simu hizi haziwezi kuunganishwa na huduma ya winguni moja kwa moja, lakini zinaweza kutumika kupitia kifaa kidogo cha kubadili mawimbi. Kabla ya kuzitupa, uliza bei ya kifaa hicho. Kwa upande mwingine, mashine za faksi na ving'ora vya usalama vinavyotumia laini ya simu huwa havitulii vizuri kwenye huduma ya intaneti. Vijaribu kabla ya kufuta laini ya zamani.

*Simu zisizo na waya zenye kituo chake.* Hizi hufaa katika ghala au hoteli. Jihadhari na zile zinazoletwa kutoka Marekani. Huko hutumia masafa ya megahezi 1920 hadi 1930, ilhali zile zilizotengenezwa kwa utaratibu wa Ulaya hutumia megahezi 1880 hadi 1900. Nchini Tanzania masafa hayo ya Marekani yamo ndani ya ukanda wa mitandao ya simu za mkononi, hivyo kifaa hicho kinaweza kuvuruga mawasiliano ya wengine na kukuingiza matatani.

Kifaa huru na kifaa kilichofungwa

Baadhi ya simu huuzwa kwa bei nafuu au hutolewa bure pamoja na mkataba, lakini zimefungwa zisitumike kwa mtoa huduma mwingine. Si kosa kuuza kifaa cha namna hiyo, mradi mnunuzi ameelezwa. Hatari ni kwamba siku utakapotaka kuhama, simu zote zitabaki kuwa mapambo. Uliza wazi: je, kifaa hiki ni changu? Mkataba ukiisha kitafunguliwa? Kwa gharama gani?

Uangalifu huo unahitajika zaidi kwa simu za mitumba. Simu ya mezani iliyotumika ofisi nyingine inaweza kuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa mtoa huduma wa awali, na kila inapowashwa ikajaribu kurudi huko. Mwombe muuzaji aifute mipangilio yote na kuisajili kwenye huduma yako mbele yako kabla hujalipa. Akisita, nunua kwingine.

Intaneti yako inatosha?

Simu nzuri haitaokoa intaneti dhaifu. Simu moja yenye sauti ya ubora wa kawaida usiobanwa huhitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Wafanyakazi watano wakizungumza kwa pamoja, zihesabu kilobiti 450 kila upande, mbali na matumizi mengine ya ofisi. Kwa anayetumia kifurushi cha data, saa moja ya mazungumzo hula takriban megabaiti 80. Ipo njia ya kuibana sauti ambayo hupunguza matumizi hayo hadi chini ya megabaiti 30 kwa saa, ila ni sharti simu na huduma zote mbili ziikubali. Hili nalo ni swali la kuoana.

Kasi peke yake haitoshi. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili, wazungumzaji huanza kukatizana. Omba muda wa majaribio, na ujaribu katika saa ambazo ofisi ina shughuli nyingi.

Umeme na simu za dharura

Umeme ukikatika, ruta huzimika na simu ya mezani ya intaneti hunyamaza, hata kama mtoa huduma hana hitilafu yoyote. Weka betri ya akiba ya kushikilia ruta, swichi na angalau simu moja.

Zaidi ya hayo, huduma ya winguni haijui daima mahali ulipo. Mfanyakazi anayepiga namba ya dharura 112 kutoka nyumbani kwa kutumia namba ya ofisi anaweza kudhaniwa yuko ofisini, au simu yake isiunganishwe kabisa. Muulize mtoa huduma kama simu za dharura zinapita. Kwa vyovyote vile, hakikisha kila sehemu ya kazi ina simu ya kawaida ya mkononi yenye chaji, na wafanyakazi wote wanajua ilipo.

Usalama na uhalali wa kifaa

Simu ya intaneti ni kompyuta ndogo, na huja na nywila ya kiwandani inayojulikana na wengi. Asiyeibadilisha anaweza kuamka asubuhi akakuta bili ya simu za nje ya nchi zilizopigwa usiku na wahalifu. Badilisha nywila siku ya kwanza. Mwombe mtoa huduma azuie simu za kimataifa usizozihitaji na aweke kikomo cha matumizi. Usinunue modeli ambayo mtengenezaji wake ameacha kuitolea masasisho ya usalama.

Vilevile, vifaa vya mawasiliano vinavyouzwa nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwombe muuzaji uthibitisho. Ikiwa kifaa kinatumia laini ya simu ya mkononi, piga *#06# upate namba yake ya utambulisho, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Tunakumbusha kwamba mwezi Juni 2016 simu za mkononi bandia zilizimwa kwenye mitandao, na walioumia ni wale waliozinunua bila kuuliza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Modeli hii imo kwenye orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na huduma niliyoichagua?
2. Ni kazi zipi ambazo hazitafanya kazi kwenye kifaa hiki?
3. Kifaa ni huru au kimefungwa, na kitafunguliwa lini?
4. Namba yangu ya biashara nitaondoka nayo nikihama?
5. Nani atakifunga na kukisajili, na kwa gharama gani?
6. Dhamana ni ya muda gani, na nitaidai kwa nani?
7. Naweza kujaribu kifaa kimoja kabla ya kununua vyote?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Muuzaji makini hataudhika kwa maswali haya, na majibu yake yaandikwe kwenye mkataba au kwenye hati ya bei.

Mambo yakienda mrama

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki kwa kila ununuzi, na utunze mkataba na boksi la kifaa. Ukipata kifaa kisichofanya kazi ulivyoahidiwa, wasilisha kwanza malalamiko yako kwa muuzaji au mtoa huduma kwa maandishi, na upewe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika, peleka shauri lako la huduma kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiambatisha nakala za nyaraka hizo. Malalamiko yenye ushahidi hushughulikiwa kwa urahisi. Ahadi ya mdomo peke yake ni vigumu kuithibitisha.