Programu Haijui Uzito wa Gunia

Swali hunifuata seminani, redioni, hata harusini: "Mtaalamu, kwa nini serikali isinunue mfumo mmoja wa kisasa, kila afisa ugani akapewa kishikwambi, tukajua mahindi tuliyonayo?" Anayeuliza huwa ameshajijibu. Kwake tatizo la takwimu za kilimo ni makaratasi. Yakiondoka, namba zitakuja zenyewe.

Haziji. Kabla hujamkabidhi mtu kishikwambi, muulize atajaza nini humo. Kijijini ataambiwa, "Msimu huu nimepata magunia kumi na mawili." Gunia lipi? La kilo 100, au lumbesa lenye kilemba juu? Mahindi yamepukuchuliwa au bado yako kwenye magunzi? Yamekauka, au yameingia ghalani jana na maji yake? Shamba lenyewe ni "ekari tatu" za kukisia. Nchini Uganda, kauli za wakulima zilipolinganishwa na vipimo vya GPS, ilionekana kwamba wenye mashamba madogo huyakuza na wenye makubwa huyapunguza, yaani makosa hufuata ukubwa wa shamba, kwa hiyo usitegemee yafutane. Halafu katikati ya mahindi kuna maharage. Andika ekari tatu za mahindi na tatu za maharage, kisha ujumlishe: umeumba ekari tatu zisizokuwapo. Mihogo ndiyo usiseme! Hung'olewa shina mojamoja, miezi na miezi, kadiri chakula cha jioni kinavyohitajika, na hakuna anayeweka hesabu.

Kishikwambi hupokea yote hayo bila kukunja uso. Kitajumlisha lumbesa na gunia halali, kitachora ramani ya rangi, na afisa asipofika kijijini, mfumo uliosukwa ovyo utasoma nafasi iliyoachwa wazi kuwa sifuri. Wilaya inaonekana imekosa mavuno, kumbe pikipiki ya afisa ilikosa mafuta.

Tena afisa huyohuyo amepewa lengo la uzalishaji, na ndiye anayeripoti kama limefikiwa. Mtahiniwa anajisahihishia mtihani. Malawi iliwahi kulipia kasoro za aina hii. Msimu wa 2006/07 makadirio ya wizara yalionyesha mahindi zaidi ya tani milioni 3. Serikali ikaingia mkataba wa kuiuzia Zimbabwe tani 400,000. Ilipofika mapema 2008 bei za ndani zilikuwa zimepaa, na usafirishaji ukasimamishwa. Sensa ya kilimo ya msimu huohuo ilipata takriban tani milioni 2.1. Hebu niambieni, ni programu gani ingeliziba pengo la tani milioni nzima?

"Satelaiti, basi?" Sawa, lakini masika ni mawingu, vishamba vyetu ni vidogo na vimechanganywa mazao, na satelaiti nayo hufundishwa kwa vipimo vya ardhini. Tumerudi shambani.

Kinachofanya kazi ni kile kile ambacho wafadhili hawapendi kupigia picha. Anza na orodha ya kaya na mashamba kutoka kwenye sensa. Tanzania inayo ya 2019/20. Chukua sampuli kila mwaka badala ya kumdai kila kijiji kila kitu. Pima mashamba kwa GPS, kisha vuna kipande kilichopimwa, pukuchua, kausha, pima uzito. Kipande kisiwe kidogo mno, maana mimea ya mpakani huvutwa ndani na tija ikavimba. Wanatakwimu Mahalanobis na Sukhatme walibishana kuhusu hilo India tangu miaka ya 1940. Kila wilaya ipime magunia na madebe yake, uzito halisi uingizwe kwenye mfumo. Vijiji viwe na namba moja ya utambulisho katika wizara zote. "Hatujui" iwe na kisanduku chake, mbali na sifuri. Anayetoa ruzuku ya mbolea asiwe ndiye anayetangaza mavuno. Kazi hiyo iachiwe ofisi ya takwimu, na tarehe ya kutangaza ijulikane mwaka mmoja kabla, bila kusubiri waziri arudi safari. Linganisha matokeo na bei za sokoni: mavuno yakitangazwa kuwa ya rekodi huku bei inapanda msimu wa mavuno, zuia vibali vya kuuza nje hadi hesabu ipitiwe. Na mdadisi wa pili apime upya sehemu ndogo ya mashamba bila kuona namba za mwenzake. Zikipishana mno, eneo zima lirudiwe.