Kupona na Kuponywa: Habari za Uamsho wa Kipentekoste hata Kufika Nchi ya Mpanda

Mwalimu afundishaye Magamba, karibu na mji wa Mpanda, aweza kuwa na watu wa makabila mengi mbele yake: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma, Waha na Warundi. Kila mmoja ana maneno ya kwao ya ugonjwa na uganga, lakini wakutanapo kanisani lugha yao ni Kiswahili. Basi mhubiri akisema, "Fulani amepona," masikio yale hayasikii jambo moja. Mmoja husikia kwamba homa imemtoka. Wa pili, kwamba amenusurika mauti. Wa tatu, kwamba pepo aliyemshika ametulia. Na wa nne, kwamba ameokoka dhambini. Nataka kueleza hapa jinsi uamsho wa kuombea wagonjwa ulivyoanza, kwa njia zipi ulifika pande hizi, na maneno gani uliyakuta. Maana kutoelewana katika neno hili moja kumewahi kuwagharimu watu uhai wao.

Mwanzo wa uamsho

Watu wengi huanza habari hizi Topeka, katika jimbo la Kansas, Marekani. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1901, wanafunzi wa Charles Parham walinena kwa lugha, naye akafundisha kwamba hiyo ndiyo alama ya kubatizwa kwa Roho Mtakatifu. Mwanafunzi wake mmoja, William Seymour, mtu mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, aliyachukua mafundisho hayo mpaka Los Angeles. Katika mwezi wa Aprili 1906 akaanza ibada katika nyumba kuukuu ya njia ya Azusa, na weupe kwa weusi wakapiga magoti pamoja, jambo lisilo la kawaida katika nchi ile siku zile.

Lakini kuombea wagonjwa kulitangulia kunena kwa lugha. Kabla ya hapo Alexander Dowie, mzaliwa wa Scotland, alikuwa amejipatia jina kwa kuombea wagonjwa, na tangu mwaka 1900 akajenga mji wake wa Zion katika jimbo la Illinois. Katika mji ule alikataza madaktari na maduka ya dawa. Wengi waliotoka Zion waliingia baadaye katika uamsho wa Kipentekoste, na baadhi yao walichukua pamoja nao wazo hili, kwamba mwenye kumeza dawa amepungukiwa na imani.

Jambo jingine la kale lawahusu hasa wapendao lugha. Wengi wa watu wale wa kwanza walidhani kwamba lugha walizonena ni lugha za mataifa, na kwamba mmisionari hatakuwa na haja ya kujifunza. Alfred Garr alikwenda India mwaka 1907 kwa tumaini hilo, asiweze kuhubiri kwa lugha ya wenyeji. Hata alipofika Hong Kong ikambidi kujifunza Kichina kama watu wote. Huo ulikuwa msiba mdogo kuliko ule wa dawa, lakini asili yake ni moja: kudhani kwamba kipawa cha Mungu huondoa kazi ya mwanadamu.

Njia za kuja pande zetu

Kutoka Azusa habari zilienea upesi. Thomas Ball Barratt, mchungaji wa Norwei, alizipata akiwa New York mwaka 1906, akarudi nazo Kristiania, mji uitwao leo Oslo. Mwanzoni mwa mwaka 1907 Lewi Pethrus, mchungaji kijana wa Wabaptisti wa Uswidi, alimwendea huko, na baadaye kanisa lake la Filadelfia katika Stockholm likawa shina la misheni nyingi. Katika miaka ya 1920 Waswidi na Wanorwei walianza kazi Kivu, katika Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1935 Waswidi wakaanza Burundi.

Upande wa kusini, mwaka 1908 John Lake, aliyekuwa mmoja wa watu wa Zion, alifika Johannesburg pamoja na Thomas Hezmalhalch. Mwaka 1915 Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walikaa Mwanza ya Katanga, katika nchi ya Waluba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Burton huyu hakudharau kujifunza: alikusanya methali na desturi za Waluba miaka mingi, na wataalamu wa mila wanamtaja hata leo.

Katika nchi yetu wenyewe kazi ilianza kwa makaburi. Kabla ya vita ya 1914 Karl Wittich na mkewe Marian, pamoja na kijana Clarence Grothaus, walifika katika koloni la Wajerumani. Hazikupita siku nyingi Karl na Clarence wakafa, Marian akabaki mjane. Hakuiacha kazi, baadaye aliolewa na Otto Keller, nao wawili wakajenga misheni ya Nyang'ori katika magharibi ya Kenya. Waswidi waliingia Tanganyika mwaka 1932, wakafanya kazi katika nchi ya Wanyamwezi.

Mpanda yenyewe ilikuwa mbali na njia hizo mpaka mambo mawili yalipotokea. La kwanza, machimbo ya risasi yalifunguliwa, na mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ikafika, ikaleta wafanya kazi wa makabila mengi. La pili ni kubwa zaidi: baada ya mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 watu maelfu walikimbilia Tanzania, na mwaka 1973 makazi ya Katumba yakafunguliwa karibu na Mpanda, kisha yakafuata ya Mishamo. Miongoni mwa Warundi wale walikuwako Wapentekoste wengi, matunda ya misheni ya mwaka 1935. Hivyo moto uliowaka Los Angeles ulipita Norwei, Uswidi na Burundi, ukafika Katavi kichwani mwa wakimbizi, pamoja na mikeka na vyungu vyao.

Nchi waliyoikuta

Si nchi tupu waliyoifikia. Jina lenyewe la Katavi, lililopewa ziwa, kisha hifadhi ya wanyama, na tangu mwaka 2012 mkoa mzima, husemwa kuwa ni la Katabi, mzimu wa mwindaji wa kale. Wabende husimulia kwamba akaa katika mkwaju karibu na ziwa lile, na wawindaji humwekea sadaka chini ya mti ili wapate baraka. Ahubiriye Roho katika nchi hii ahubiri katika nchi iliyopewa jina la mzimu.

Tena, watu walikuwa na vyama vya uponyaji vya tangu zamani. Katika Unyamwezi na nchi jirani kulikuwa na Waswezi. Warundi walikuwa na Kiranga na ibada ya kubandwa. Mara nyingi mtu aliingia kwa mlango wa ugonjwa: aliugua, mpiga ramli akamwambia kwamba pepo wa chama wamtaka, akachezewa ngoma, akapata nafuu, akawa mmoja wa wenye chama. Desturi hii ndiyo sababu moja ya watu kuufahamu uamsho upesi. Kuugua, kuombewa, kupona na kujiunga ilikuwa njia waliyoijua. Nayo ndiyo sababu ya wengine kuufahamu vibaya, wakaona kwamba mchungaji ni mkuu wa chama kipya, na jina la Yesu ni dawa yenye nguvu kuzishinda za jana.

Mfano mwingine pia ulikuwako. Mapadre Weupe walipokea boma la Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Huko alifanya kazi Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alikuwa katekista na tabibu pamoja, kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Mkono uliofundisha sala ndio uliofunga vidonda, wala hapakuonekana vita kati yao.

Maneno yenyewe

Sasa tutazame maneno. Kupona ni kutoka katika hatari. Aliyeepuka ajali husema amepona chupuchupu. Na katika jamii ya neno hili limo kuponyoka, kama kitu kimponyokacho mtu mkononi. Kwa hiyo homa na ajali hukaa katika neno moja, wala neno halisemi ni nani aliyetenda. Kuponya ni jambo jingine: hutaka mtendaji, na hutaka mwisho mwema. Twaweza kusema, "Daktari alimtibu, lakini hakupona." Twaweza kusema pia, "Mganga alimganga, lakini hakupona." Lakini hakuna asemaye, "Alimponya, lakini hakupona." Kutibu na kuganga ni maneno ya kazi, kuponya ni neno la matokeo. Asemaye, "Nitakuponya," amekwisha kuahidi jambo lisilo mkononi mwake.

Watafsiri wa Maandiko waliupata ugumu huu. Katika Kiyunani neno moja lachukua maana zote mbili, kuponya mwili na kuokoa roho. Katika habari za mwanamke mwenye kutoka damu, Marko sura ya 5, na za mwanamke mwenye dhambi, Luka sura ya 7, Bwana asema neno lile lile juu ya imani yao. Lakini Biblia ya Muungano yatumia kuponya kwa yule wa kwanza, na kuokoa kwa yule wa pili. Watafsiri hawakukosa; lugha yetu iliwalazimisha kuchagua. Hata hivyo msikilizaji asiyejua huona mambo mawili mahali palipokuwa na moja, na mhubiri asiye mwangalifu huyachanganya tena, mpaka mgonjwa asiyepona adhani kwamba hakuokoka pia.

Neno mganga lina hatari ya namna nyingine. Serikali yenyewe humwita mkubwa wa madaktari wa wilaya Mganga Mkuu, na kijijini apigaye ramli huitwa mganga vile vile. Dawa nayo ni kidonge cha zahanati, na ni hirizi iliyozikwa mlangoni. Basi mhubiri akipiga kelele, "Acheni waganga! Tupeni dawa!" yeye aweza kukusudia hirizi, na mama mwenye mtoto mgonjwa akatupa vidonge. Kosa si la mama yule. Alitii neno alilosikia.

Na pepo? Neno hili ni ndugu wa upepo, na watu wamelizoea kwa maana ya yule aingiaye mtu na kudai ngoma au ubani. Roho ni neno la Kiarabu, na waalimu wa kwanza wa misheni walilichagua kwa ajili ya Mungu ili kutenga kabisa. Utengano huu wafaa kulindwa. Pepo hupungwa ili atulie, naye hupewa atakacho. Roho Mtakatifu hapungwi wala hadai malipo. Penye kudai kuku, fedha au nguo kabla ya maombi, desturi ya kale imevaa kanzu mpya.

Gharama na fundisho

Wamisionari kadhaa wa Kipentekoste waliokuja Afrika siku za kwanza walikataa kwinini, wakisema kuimeza ni kuacha imani, na baadhi yao walizikwa mapema kwa sababu hiyo. Walikuwa watu wa kweli. Walijitendea wenyewe lile walilowahubiria wengine. Lakini misheni zao zilijifunza. Waswidi walijenga hospitali ya Nkinga katika Unyamwezi, na ya Lemera katika Kivu, nazo makanisa yaliyozaliwa na misheni zile yaliendelea nazo.

Habari ya Denis Mukwege yaonyesha fundisho hili kuliko maelezo mengi. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste mjini Bukavu. Siku moja, akiwa mtoto, alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akajibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akakusudia kuwa daktari: baba ataomba, naye atatibu. Alifanya kazi Lemera mpaka hospitali ile iliposhambuliwa mwaka 1996, kisha mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, iliyo ya kanisa lile lile la Kipentekoste, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani kwa ajili ya wanawake aliowatibu. Jibu la mchungaji yule lilikuwa fupi, lakini lilitenga kazi mbili bila kuzigombanisha.

Yafaa basi mwalimu na mchungaji washike desturi tatu ndogo. Wa kwanza asemaye "amepona" aulizwe: amepona nini? Mchungaji aseme, "Nitakuombea," asiseme, "Nitakuponya," kwa kuwa mtendaji wa neno hilo la pili ni Mungu peke yake. Na akikataza hirizi, aitaje hirizi kwa jina lake, wala asiifunike kwa neno dawa.

Wazee walisema, mganga hajigangi. Aombeaye wagonjwa ataugua naye siku moja, na siku hiyo atahitaji ndugu wa kumwombea, na tabibu wa kumtibu. Mgonjwa wa Magamba asinyimwe mmoja wao kwa sababu ya neno lililosemwa vibaya.