Je, Mwalimu wa Mashambulizi Alikosea?

Katika mpira wa Kimarekani, ambao huchezwa zaidi kwa mikono na kwa mpira wenye umbo la yai, kila shambulio huanza kwa amri. Mwalimu wa mashambulizi, msaidizi wa mwalimu mkuu, ndiye kwa kawaida huamua kama mpira ubebwe au urushwe. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga mbele. Ikikaribia mstari wa goli, hayo ni majaribio ya kuuvuka mstari wenyewe. Je, uamuzi wa mwalimu huyu hupimwaje?

Tuchukue mfano mashuhuri. Tarehe 1 Februari 2015, huko Glendale, Arizona, Seattle Seahawks walikuwa nyuma ya New England Patriots kwa pointi 24 kwa 28 katika fainali ya ligi. Mpira ulikuwa yadi 1 kutoka mstari wa goli. Zilisalia sekunde 26 na majaribio matatu. Seattle walikuwa na mbebaji hodari, Marshawn Lynch. Hata hivyo, Darrell Bevell, mwalimu wa mashambulizi, aliagiza mpira urushwe. Malcolm Butler wa Patriots akaunyakua, na ushindi ukawaponyoka Seattle. Watu wengi walihukumu papo hapo kwamba Bevell alikosea.

Mwanasayansi hapimi uamuzi kwa matokeo. Huuliza kwanza mwamuzi alijua nini. Mbebaji akiangushwa, saa huendelea kwenda. Mpira uliorushwa ukianguka chini, saa husimama. Seattle walibakiwa na ruhusa moja tu ya kusimamisha saa. Kubeba mfululizo kungewapa majaribio mawili, na la tatu lingekuwa la mashaka. Kurusha kwanza kuliacha nafasi ya majaribio yote matatu.

Hebu tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba kila jaribio lina uwezekano wa 1/2 wa kufaulu. Kwa kubeba mara mbili, uwezekano wa ushindi ni 3/4. Kwa kurusha kwanza, uwezekano wa mpira kunyakuliwa ukiwa k, tunapata 1/2 + (1/2 − k) × 3/4, yaani 7/8 − 3k/4. Njia hizi hulingana k ikiwa 1/6. Lakini katika msimu ule, kabla ya siku hiyo, hakuna hata mpira mmoja uliorushwa kutoka yadi 1 ulionyakuliwa.

Mkosoaji makini atasema: wangebeba, wasimamishe saa, warushe, kisha wabebe tena. Hoja hii ina uzito, kwani hutoa 7/8 − k/4. Lakini ruhusa ikiisha, adui hutazamia mpira urushwe, na k hupanda. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mashindano ya namna hii mara nyingi ni bora kuchanganya mbinu ili adui asibashiri.

Uamuzi wa Bevell, basi, waweza kujadiliwa. Lakini tukio moja halitoshi kuuhukumu. Vivyo hivyo mkulima aliyepanda kwa wakati ufaao, mvua ikakosa, hastahili kuitwa mzembe.

Zoezi kwa wanafunzi: badilisheni 1/2 iwe 2/5, kisha mtafute thamani mpya ya k.